Figa la Yunisi

Kabla malori ya makaa hayajaijua njia ya Ilambwe, kijiji hicho cha milimani juu ya Isongole kilisifika kwa maharage tu, na kwa ulezi, ukiwauliza wapenda pombe. Yunisi aliolewa huko mwaka mmoja baada ya Uhuru. Siku zile bibi harusi alitafuta mwenyewe mafiga yake matatu, na chakula cha kwanza kilichopikwa juu yake kililiwa na mama mkwe.

Yunisi akaokota mafiga mawili ya kawaida. La tatu lilikuwa jeusi, linang'aa, akalibandua ukingoni mwa kijito. Maharage yakiwa katikati ya kuchemka, figa lile likashika moto. Chungu kikapinduka, maharage yakatapakaa hadi miguuni pa mama mkwe wake, Ketrina.

"Mama, jiwe limeungua!"

"Jiwe liungue? Sema hujui kupika, mwanangu, tukufundishe."

Kilichobaki ni jivu, na jivu la jiwe na la kuni yote ni jivu. Mkwe habishani na mama mkwe, basi Yunisi akameza. Lakini jina likamganda: Mama Jiwe-Limeungua. Kisimani, kanisani, hata kwenye shamba la Ujamaa, watu walimcheka mpaka wakashika mbavu. Faraja yake ilikuwa shamba lake la maharage, pale pale kando ya kijito. Jamani, maharage yale! Yaliiva upesi, mchuzi mzito, mtoto akilamba sahani hapakuwa na haja ya kuiosha.

Miaka ya themanini ilipoanza wakaja wapimaji wa madini. Mkutanoni wakauliza nani amewahi kuona jiwe jeusi linaloungua. Watu wakaangua kicheko, wakamgeukia Yunisi. Naye hakungoja kuombwa. Alishuka bondeni mbio kama msichana, kanga ikimdondoka, akawaonyesha katikati ya matuta yake. Kipande kikawashwa, kikawaka mbele ya kijiji kizima. Alifurahi mno, akapiga vigelegele peke yake.

Mwaka uliofuata katapila likaanza kuchimba makaa ya mawe hapo hapo kwenye maharage.

Ketrina, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, aliketi naye mlimani wakitazama.

"Mwanangu," akasema, "kumbe jiwe huungua. Nisamehe."

Yunisi alikuwa akiyangoja maneno hayo tangu harusi yake. Akajibu huku analia:

"Ningejua, mama, ningekubali tu kwamba sijui kupika."