Kidole cha Shangazi Kalolaine

Mume wangu Saia amebakiwa na shangazi mmoja tu, na huyo mmoja anatosha kuijaza nyumba. Anaitwa Kalolaine. Akiingia sebuleni kwetu hapa Mangere, mtaa wa Auckland, baba mkwe wangu, ambaye ni kaka yake mkubwa, hunyanyuka kwenye kiti chake kizuri na kumpisha. Ndivyo tulivyo sisi Watonga wa visiwani: dada wa baba hana wa kumzidi. Mtoto wa kaka hambishii, na mke wa mtoto wa kaka, yaani mimi Uinise, kazi yangu ni kuleta chai na kufunga mdomo. Chai naileta.

Alikuja Auckland kutoka kisiwa chetu cha Vava'u akiwa msichana, akapiga deki ofisi za uwanja wa ndege mpaka magoti yakamwisha. Hakujaliwa mtoto. Mapenzi yote aliyokuwa nayo aliyamimina kwa Saia. Ni yeye aliyemlipia chuo cha ufundi bomba, na Saia alipoacha kiwanda cha nyama akakopa gari la kazi ili ajitegemee kuzibua mabomba ya maji machafu, Shangazi aliwapikia kanisa zima majani ya magimbi kwa nyama ya kopo na tui la nazi. Alisimama mbele ya lile gari akalia kama vile linakwenda vitani. Mimi nilicheka, na leo nasema wazi kwamba nilimwonea wivu Saia siku ile. Mimi hakuna aliyewahi kunililia hivyo.

Siku hiyo hiyo Saia alimwonyesha tangazo lake kwenye simu. Mtu choo chake kikiziba, anaandika shida yake, na jina la Saia linatokea juu kabisa.

"Hapa, Shangazi. Watu wakibonyeza hapa, ndiyo mimi napata kazi."

"Nani kakuweka juu hivyo, mwanangu?"

"Kampuni ya mtandao. Nawalipa."

"Vizuri. Kaa huko huko juu."

Jambo ambalo Saia hakulisema ni kwamba analipa kila mtu anapobonyeza, awe mteja au mpita njia. Kidole kimoja, dola kumi na mbili. Alikuwa ameweka kiwango cha siku, na kiwango kikiisha tangazo linazimwa mpaka kesho yake. Nani angefikiri kumweleza mwanamke mzima mambo hayo, na chakula kinapoa?

Miezi ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Kisha simu ikanyamaza. Tangazo lilikuwa linabonyezwa kuliko zamani, pesa zinaliwa kabla hatujanywa chai, na hakuna anayepiga. Mangere ikiamka na kuziba vyoo vyake, jina la Saia limeshaondoka. Tukaanza kuzungumza habari ya kulirudisha gari na yeye kurudi kiwanda cha nyama. Nilikikumbuka kile kiwanda vizuri. Alikuwa akirudi nyumbani, anakaa, anakula, na hasemi neno.

"Ni Grant tu," Saia alikuwa akisema. Grant ni fundi wa mtaa jirani wa Papatoetoe, tangazo lake ndilo linalofuata chini ya la Saia. Katika kazi hii watu hufanyiana hivyo: unakaa unabonyeza tangazo la mwenzako mpaka pesa zake zinakauka, wewe unabaki peke yako. "Ananimaliza hata sijapiga mswaki."

Mimi damu ilinichemka, nikataka twende Papatoetoe siku hiyo hiyo. Lakini Saia alimpigia Vikash kwanza, Mfiji mmoja anayewasimamia mafundi wengi matangazo yao. Vikash akachunguza, akatujibu: vidole vyote vinakuja saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili hakuna hata kimoja.

"Saia," nikamwuliza, "Grant ni mtu wa dini?"

"Grant? Jumapili Grant yuko kwenye mbio za farasi."

"Sasa ni adui gani huyu anayeitunza Jumapili?"

Tukacheka. Kisha Saia akaacha kucheka, akawa anaangalia sakafu.

Wiki ile ilikuwa zamu yangu kumpeleka Shangazi kwenye sala ya alfajiri. Kwa kawaida namshusha mlangoni nabaki ndani ya gari na blanketi miguuni. Asubuhi ile baridi ilizidi, nikaingia nikakaa nyuma. Wakasali, wakaimba, amina ikaitikiwa. Nilidhani tunaondoka. Shangazi akasimama na fimbo yake.

"Haya, akina mama, miwani!"

Miwani ikatoka mikobani. Simu zikatoka.

"Andikeni bomba limeziba Mangere. Mmeliona jina? Kila mmoja mara moja tu, tusiwe na pupa. Haya, mbonyezeni mwanangu!"

"Yangu imeniletea Grant!" akalalamika Mama Taufa, rafiki yake wa siku zote.

"Huyo mwache na njaa yake. Panda juu, Taufa, juu! Wewe hata mbinguni utaingilia mlango wa jikoni."

Wakacheka ukumbi mzima, wakabonyeza, kisha wakamwombea Saia kwa sentensi moja, apate kazi nyingi.

Kwetu mtoto akicheza ngoma mbele ya watu, mwili umepakwa mafuta, wakubwa wanainuka mmoja mmoja kwenda kumbandika noti mabegani na mikononi. Ndivyo tunavyomwambia kwamba ni wetu. Wale mama walikuwa wanambandika Saia. Ila kila kidole kilikuwa kinambandua noti moja, na wao wanatabasamu. Nilitoka nje nikalia kidogo kwenye gari, kisha nikapandwa na hasira.

Nilimweleza Saia akiwa na kikombe mkononi. Akakiweka chini.

"Usimwambie."

"Saia, gari litaondoka."

"Liondoke."

"Utarudi kiwandani?"

"Nitarudi. Uinise, yule ni shangazi yangu. Nimwambie nini? Kwamba mapenzi yake ndiyo yananimaliza?"

Niliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alichokifanya Saia ni kumwomba Vikash afunge tangazo mpaka saa mbili asubuhi. Ilisaidia. Kufika mchana simu ilikuwa inaita, na Saia akaanza tena kuimba bafuni. Nikasema basi, Mungu mkubwa, mambo yamekwisha bila mtu kuaibika.

Hayakwisha. Siku chache baadaye Shangazi aliingia kwetu amefunga mkeka kiunoni kama anakwenda msibani, Mama Taufa amemshika mkono. Kwapani alikuwa na mkeka mwingine uliokunjwa, ule mwembamba, laini kama kitambaa, aliousuka mama yake. Sote tulijua umewekwa kwa ajili ya siku ya kumzika Shangazi mwenyewe. Baba mkwe akampisha kiti. Hakukaa.

"Jina la Saia halipo," akasema. "Tunatafuta kila asubuhi, tunamwona Grant tu. Mwanangu ameanguka na hasemi." Akauweka ule mkeka juu ya meza. "Uzeni."

Kwetu mkeka kama ule unapewa, hauuzwi. Saia aliketi sakafuni, chini ya macho yake, kinywa kimefungwa. Baba mkwe akageukia dirisha. Nami nilikuwa nimesimama na sinia la chai, mtu wa mwisho katika chumba kile mwenye haki ya kusema neno. Nikaliweka sinia chini.

"Shangazi, nisamehe. Jina lipo. Tumelificha."

Nikamweleza yote. Sikuruka kitu.

"Kila kidole?" Shangazi akauliza.

"Kila kidole, Shangazi."

"Mimi nilikuwa nabonyeza mara mbili," Mama Taufa akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni sadaka."

Shangazi akakitazama kidole chake, kile kilichopinda kwa kushika fagio miaka yote ile. Uso wake ulinichoma moyo.

"Saia. Ulijua?"

"Nilijua, Shangazi."

"Na ungeliacha gari liondoke?"

"Ningeliacha."

Akampiga begani na fimbo, si kwa nguvu. "Mjinga wewe," akasema, kisha akaketi, akakivuta kichwa cha Saia mpaka gotini pake, goti lile lile bovu, akalia. Alipomaliza akanigeukia.

"Na wewe una mdomo."

"Ninao, Shangazi."

"Usiuzibe. Nyumba hii ina waoga watupu." Akajifuta machozi. "Kutazama tu, bila kugusa, wanamtoza?"

"Hawamtozi."

"Basi lirudisheni jina letu asubuhi."

Saia akalirudisha. Siku hizi amina ikiitikiwa namsikia Shangazi mwenyewe akiamuru, "Mikono nyuma, akina mama! Macho tu!" Wanalisoma jina la Saia kwa sauti, wanamwombea, wanazima simu. Mama Taufa huketishwa kati ya watu wawili, wamchunge kidole.

Mwezi uliopita Vikash alipiga simu, Saia akiwa ndani ya shimo la maji machafu, nami nimemshikia simu sikioni.

"Kaka, kuna watu kila alfajiri wanalitazama tangazo lako na hawabonyezi. Kampuni ikiona hivyo inadhani hutakiwi, bei yako inapanda. Niwazuie?"

"Inapanda sana?"

"Si sana. Lakini ni hasara, kaka."

Saia alijifuta uso kwa kiwiko, akabaki na tope shavuni.

"Usiwazuie," akasema. "Mmoja wao ni shangazi yangu. Mwache anitazame."