Landkruza Niliyoinyanyua kwa Ajili ya Honorata

Ukinikuta Moshi mjini ukaniita Springi nitageuka, sina namna, kila mtu ananiita hivyo, hata padre siku moja jina langu la ubatizo lilimtoka kichwani akasema "Springi, nisaidie kusogeza hilo benchi," na mimi nikasogeza. Jina langu ni Evarist. Acheni leo niwasimulie mwenyewe, maana mmekuwa mkisikia vipande vipande kwa watu ambao hata hawakuwepo, na wengine wanatia chumvi (eti mzee alilazwa hospitali ya Mawenzi, uongo mtupu, mzee alibadilisha shati tu). Aibu ni yangu na nimeshaizoea. Chekeni mkitaka, ila mjue kwamba mimi nikifika katikati ya habari hii huwa sicheki.

Kuna mtu anaitwa Honorata. Kwao ni Uru, mlimani juu kabisa, na tulifahamiana kwenye kamati ya harusi ya rafiki yangu, yeye alikuwa katibu, mimi nilikuwa nimepewa kazi ya usafiri kwa sababu nina Landkruza ya zamani ninayobebea mahema na vyakula vya wageni mpaka geti la kupandia mlima. Alikuwa na kawaida moja ambayo mpaka leo naiona nikifumba macho: anacheka kwanza, halafu ndiyo anakumbuka kufunika mdomo, mkono unafika kicheko kimeshatoka zamani. Vikao vya ile harusi watu walikuwa wanatoroka, mimi nikawa nawahi kupanga viti. Harusi ikapita, sisi tukaendelea kuonana, tukapendana, na sioni haya kulisema, nilimpenda yule dada mpaka nikawa nasahau kula.

Sasa Honorata akapata kazi ya ualimu Tunduru. Tunduru jamani, unavuka nchi nzima! Jioni moja tumesimama kwenye migomba ya kwao akaniambia, "Evarist, nitaenda, kazi ni kazi. Lakini nataka niondoke nikiwa nimeshaulizwa hapa nyumbani." Kuulizwa mnajua, wazee wa upande wangu waende kwao na mbege, pombe yetu ya ndizi, wakae, mbege ionjwe, wao ndio waseme kwamba wameona ua hapo nyumbani wanaliomba, na mimi mwenye shida nikae mwisho wa benchi nimefunga mdomo kama mgonjwa. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo wa kunisemea walikuwa wawili, baba mkubwa Sirili na shangazi Felista, na siku iliyopatikana ilikuwa Jumamosi moja tu, kwa sababu Jumatatu yake alfajiri Honorata alikuwa anapanda basi.

Na ilikuwa msimu wa mvua. Barabara ya kwao ikinyesha inakuwa uji, na mimi mara zote nilikuwa naacha gari chini dukani napanda kwa miguu, mpaka siku moja kaka yake akanitania mbele ya watu, "Shemeji, hili gari la mlimani mbona linaogopa tope?" Watu wakacheka. Honorata naye alicheka (mkono ukachelewa kama kawaida), na sikuona ubaya wowote wakati ule, lakini usiku nililala na lile neno. Asubuhi nikaenda kwa fundi.

Ningeweza kukodi trekta. Ningeweza kuwaomba wazee tupande taratibu kwa miguu, wangepanda, wamezaliwa kwenye miinuko. Lakini hapana, mimi nikataka gari lifike mpaka mlangoni, Honorata atoke alione. Fundi naye (kijana mmoja wa Majengo anayependa magari marefu kuliko anavyopenda wateja) hakunisaidia kufikiri, alizunguka Landkruza mara moja akasema, "Mangi, tukiinyanyua hii ng'ombe atapita chini." Nikamwambia nyanyua. Akatoa springi zangu akaweka nyingine nene ngumu, akaweka shokapu ndefu, akafunga na matairi ya kashata kubwa, yale ya kung'ata tope, gari likasimama juu kama ghala la mahindi. Nilipolipitisha barabarani watoto wa shule walishangilia, na nikaona nimemaliza kila kitu, bado kuvishana pete tu. Jinga la mtu!

Ile Jumamosi mama alikuwa ameshapika mbege, mbege ya heshima, imetiwa ulezi jana yake jioni, inachemka yenyewe inatoa povu. Kila mtoto wa mlimani anajua mbege ya namna hiyo hufunikwa majani ya mgomba tu ipate kupumua. Mama aliyafunika mapipa vizuri kabisa. Mimi nikaona gari linavyorusha, nikasema itamwagika, nikayatupa majani nikafunga mapipa yote mawili kwa mifuniko yake, ile yenye pete ya chuma unayoibana kwa klipu. Halafu nafasi ikawa finyu, nikashusha kamba ya kuvutia gari nikaiacha nyumbani. Wazee nikawakodia Noah, ili mimi niende na mzigo.

Tulipofika pale dukani, mwinuko unapogeuka kuwa ukuta, Noah ikazama. Nikashuka (nikaruka, tuseme) kutafuta kamba, na hapo ndipo nikakumbuka kamba iko wapi. Baba mkubwa Sirili akatazama saa, akasema, "Basi tupandishe kwenye lako." Shangazi Felista akaja na kitenge chake kipya na kilemba, akasimama kando ya mlango, na jamani, sakafu ya gari ilikuwa inamfika kifuani. Akaniangalia. Nikaangalia kwingine.

Mwenye duka akatoa kreti la soda, shangazi akapanda juu yake, bado mguu haufiki, vijana wawili wa pale pale (watu wa ukweni hao, kesho wangekuwa shemeji zangu) wakaombwa wasukume kwa nyuma, na watu waliokuwa wanatoka sokoni wakatua mizigo wapate kutazama vizuri. "Nisukumeni polepole, mimi si gunia!" shangazi akawa anapiga kelele, "Evarist, wewe ulikuwa unamnunulia nani gari hili, twiga?" Akapata kushika kiti, mguu mmoja ndani, mmoja hewani, kreti likateleza. "Yeuwi!" Kitenge kikanasa kwenye bawaba ya mlango kikapasuka kuanzia chini mpaka panapotisha, na shangazi yangu, mwanamke anayesoma masomo kanisani kila Jumapili, akakaa kwenye tope chwaa.

Hakulia. Afadhali angelia. Alijifunga kanga ya mwenye duka, akakaa kwenye benchi, akasema, "Mimi sipandi. Sirudi nyuma, siendi mbele." Baba mkubwa akasema hawezi kumwacha dada yake peke yake.

Hapo ningekaa, ningempigia simu Honorata nikamwambia tumekwama, wangetuma hata watu waje na kamba. Lakini muda ulikuwa umepita, Mzee Kanuti, baba yake Honorata, anajulikana Uru nzima kwa kuchukia kungojeshwa, na mimi nilikuwa na hofu moja tu kichwani, Jumatatu. Nikasema natangulia na mbege, nikishusha narudi kuwachukua. Baba mkubwa akanifuata mpaka kwenye usukani, amenyanyua kichwa kama anaongea na mtu wa ghorofani, akaniambia, "Evarist, mbege haina mdomo." Nikatia gia.

Na gari lilipanda, hilo siwezi kulinyima. Lilipanda pale ambapo hakuna gari lililowahi kupanda wiki ile, mawe, mifereji, tope, vyote linameza tu, ila springi ngumu zile kila jiwe linakurusha kichwa kwenye paa na kukurudisha, na nyuma yangu mapipa yalikuwa yanapokea yale yale. Mimi naimba. Naapa nilikuwa naimba, nikijua kwenye kona ya mwisho nitaona bati jekundu la kwao na yeye yuko humo ndani ameshavaa.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wazee wa ukoo wake wamekaa mstari mmoja na kofia zao, akina mama upande wa jiko, vijana na simu mkononi. Nikazima gari, nikaruka chini nikatua vibaya, nikajikusanya.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," Mzee Kanuti akasema, akachungulia nyuma yangu barabarani. Akangoja. "Umekuja na nani?"

"Wazee wako njiani, Mzee. Wamekwama hapo chini."

"Sikuuliza waliokwama. Wewe umekuja na nani?"

Nikasema, na sijui ulimi ulinituma wapi, "Na gari."

Mzee mmoja akakohoa. Mzee Kanuti akaitazama Landkruza kuanzia matairi mpaka paa, bila haraka, akasema, "Kwa hiyo gari ndilo ukoo wako? Litakaa hapa lituambie limeona ua?"

Kule jikoni mtu akaangua kicheko. Mimi nikataka kuokoa hali, nikasema mbege ipo, Mzee, mbege ya mama, nikakimbilia mlango wa nyuma nikaufungua, na yeye kwa heshima (sasa angefanyaje, mgeni ameleta mbege) akanifuata kuja kuiona. Pipa lilikuwa limevimba. Linapiga mluzi mwembamba. Kaka yake Honorata akasema, "Shemeji, hilo acha," lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye klipu.

Mfuniko ulienda juu ya migomba. Mbege ikatoka yote kwa pamoja, na kwa sababu gari nililinyanyua, mdomo wa pipa ulikuwa sawasawa na uso wa mkwe wangu. Ilimchukua kofia. Ilimjaza koti. Wazee waliokaa nyuma yake ikawapata, mimi ikanipata, na nilipokimbia kulizuia nikalisukuma la pili likaanguka chini nalo likapasuka, povu la kahawia likateremka uwanjani mpaka kwenye miguu ya akina mama. Na simu zote zilikuwa juu, zinarekodi.

Mzee Kanuti alisimama palepale ulezi ukimtiririka kwenye nyusi. Alijifuta kwa kiganja, akakilamba kile kiganja, akatafakari.

"Hii imepikwa na nani?"

"Na mama."

"Mbege nzuri. Mwambie mama tumeshukuru." Akakung'uta koti. "Wewe rudi nyumbani. Ukipata watu, njoo."

Nikarudi. Sikumwona Honorata. Pale chini shangazi na baba mkubwa walishaondoka, mwenye duka akasema wamepanda bodaboda, kila mtu yake, hawasemezani. Kwenda kumwomba radhi shangazi kulichukua muda mrefu (alinisamehe lile kosa la kitenge, lile la kuachwa kwenye benchi la watu hakulisamehe), na baba mkubwa akasema kwa Kanuti harudi mpaka ile video iache kutembea, na ile video mnajua wenyewe ilivyotembea, ndiyo iliyonibatiza Springi. Jumatatu alfajiri nilikuwa nimesimama stendi. Honorata alishuka kwenye pikipiki ya kaka yake na begi, tukasalimiana mbele ya kaka, nikamwambia nitakuja na watu, subiri kidogo. Akasema sawa.

Alinisubiri, siwezi kusema hakunisubiri. Tuliongea kwenye simu kila siku, halafu siku mojamoja, na jioni moja mvua inanyesha kwake namsikia vizuri bati linavyolia, akaniambia, "Evarist, siku ile nilikuwa nimekaa chumbani nimeshavaa. Nilimsikia baba akikuuliza umekuja na nani. Nikangoja jibu kama yeye." Nilitaka kumwambia kwamba barabara yote ile niliipanda kwa ajili yake, lakini hata mimi nilisikia lingekuwa jibu la mtu mwenye gari. Wazee wangu walipokubali kwenda, Honorata alikuwa ameshaulizwa na watu wengine, mwalimu mwenzake, alikuja na ukoo mzima kutoka mbali kwenye basi la kukodi, wakaliacha chini wakapanda kwa miguu, wameshika viatu mkononi.

Nilirudi kwa fundi nikamwambia aweke springi zangu za mwanzo. Alisikitika kweli kweli.

Krismasi iliyopita, mnajua Krismasi kila Mchaga anarudi, nilikuwa naelekea Uru kupeleka mabati ya mtu, nikamkuta pale dukani amesimama juani na mtoto wa kiume na mizigo, anangoja usafiri. Amenenepa kidogo. Nilisimama kabla sijaamua kusimama. Tukasalimiana, habari za Tunduru, habari za mama, mzee hajambo, mume wake angekuja kesho yake, nikasema pandeni niwafikishe, na mtoto akafungua mlango mwenyewe akapanda mwenyewe, akakaa katikati yetu akishika kila kitu.

"Mama, hili gari la nani?"

Honorata alicheka kwanza. Mkono ukaja mdomoni baadaye, palepale ninapoujua, na mimi nikashika usukani kwa nguvu. Halafu akamwambia, "La mjomba. Msalimie mjomba."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba," nikasema.

Kwa neno moja nimekuwa kaka yake. Nikawafikisha mpaka mlangoni, nikawashushia mizigo, Mzee Kanuti akanipa mkono akaniambia karibu uingie, nikasema nina mabati ya watu. Kwa hiyo ndugu zangu, msininyanyulie tena habari za kunyanyua magari, na siku nikienda tena kuuliza kwa watu nitatembea kwa miguu nyuma ya shangazi, nibebe mimi mwenyewe ndoo ya mbege kichwani. Ila wa kumwendea sina, na kusema kweli simtafuti.