Maji ya Kumnawisha Mama

Kwetu, mtoto wa kike humnawisha mama yake mikono akiwa amepiga magoti. Hata uwe na wajukuu. Birika mkono huu, beseni mkono ule, magoti chini. Wazazi wetu walikuja na desturi hiyo kutoka kaskazini ya Katanga walipofuata kazi ya reli, na hapa Lubumbashi haikufa. Mimi ndiye niliyeiacha, kwa sababu ya unene. Nikishuka, sinyanyuki. Mara ya mwisho waliitwa majirani kuniinua, na bukari, ugali wetu, ikapoa mezani. Tangu hapo mama akawa ananiambia, "Simama tu, mutoto wangu, hapana shida," kisha anageuza uso pembeni. Ule uso uliniuma kuliko matusi.

Ndiyo maana nilikubali kupasuliwa na kupunguzwa tumbo la chakula. Wengine wanatafuta urembo. Mimi nilitaka kumpigia mama magoti kabla hajaondoka duniani, maana macho yake yalikuwa yameshaanza kuzimika.

Miezi ya kwanza niliona maajabu. Tonge moja la bukari, dogo kama yai, na sombe kidogo, yale majani ya muhogo, basi, nimeshiba. Mimi huyu niliyekuwa nakomba hata sufuria! Nilikuwa nakaa mbele ya sahani nikiitazama tu, siamini. Vitenge vyangu vikaanza kunizunguka mara mbili. Sokoni Kampemba, ninakouza vitambaa, wateja waliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, uko mugonjwa?" Huku kwetu mtu akikonda, watu wanaanza kumwombea. Nilikuwa nacheka tu.

Kisha mizani ikasimama. Asubuhi napanda, namba ile ile. Wiki inakatika, namba ile ile. Na mimi subira sijajaliwa. Mteja akipapasa kitambaa muda mrefu bila kununua, namnyang'anya. Niliihamisha mizani kutoka chumbani hadi jikoni, nikidhani labda sakafu ndiyo mbovu. Niliipiga teke, nikaumia kidole. Nilikuwa nimejiwekea namba moja kichwani: nikiifikia, siku hiyo napiga magoti. Namba yenyewe ikakataa kuja.

Daktari aliyenipasua alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, sasa kilo zinashuka pole pole," akasema. "Ni kawaida. Kula vile nilikuambia, tembea, acha muwili ifanye kazi yake."

"Na mama yangu atangojea?" nikamuuliza.

Akaniandikia tarehe ya kurudi. Nilitoka pale nimefura, nikarudi kwa miguu, nikavuka mto Naviundu nikimgombeza peke yangu njiani. Nilifika nyumbani bado nagomba.

Jumapili moja, baada ya misa, mama alikaa kwenye kiti chake akanyoosha mikono kungoja maji. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepanda mizani: namba ile ile. Nikaja na birika na beseni, roho nzito, nikasimama mbele yake kama kawaida. Sabuni ikateleza kutoka ukingo wa beseni, ikaanguka karibu na miguu yake. Nikashuka kuiokota.

Nilipoinua uso, magoti yangu yote mawili yalikuwa kwenye sementi. Sikuwa nimeshika kiti wala ukuta. Niliogopa hata kupumua. Mwili huu niliokuwa nautukana kila asubuhi ulikuwa umefanya kazi yake kimya kimya, na mimi nilikuwa nimeikodolea macho namba.

Mkono wa mama ukanitafuta juu, pale nilipozoea kuwa, haukunipata.

"Uko wapi?"

"Niko huku chini, mama."

Mkono ukateremka taratibu. Ukagusa kilemba changu, kisha paji la uso, ukabaki hapo. Nikamimina maji huku namtazama yeye usoni, nusu yakamwagikia magoti yake. Alinawa muda mrefu, mikono ikiwa safi zamani.

"Nani atakusimamisha sasa?" akauliza.

"Nitasimama mwenyewe, mama. Lakini bado."

Bukari ilikuwa inapoa mezani. Tukaiacha ipoe.