Tabo ya Kupandia kwa Mama

Kaka yangu hapendi kusukumwa. Anayetaka kumjua aanzie hapo.

Miguu yake iligoma kufanya kazi tangu akiwa mtoto, kabla mimi sijazaliwa, na tangu hapo amekuwa akigombana na kila anayemshika bila kuombwa. Ana cherehani kando ya soko la Kasulu, anashona sare za shule na magauni ya vitenge, na ulimi wake una makali kuliko mkasi wake. Mimi ni mdogo wake wa kike, fundi wa pikipiki na kuchomelea, na gereji yangu iko upande wa pili wa barabara. Wateja wageni hunikuta nimeinamia injini, mafuta mpaka kwenye viwiko, wakaniuliza fundi yuko wapi. Nawajibu katoka, warudi kesho.

Kigari chake nilikiunda mwenyewe: magurudumu matatu, kiti cha bati chenye godoro, breki na gia zote za mkono, na nyuma ya kiti injini ya pikipiki ya zamani ya mipigo miwili, ile ambayo oili yake huchanganywa humohumo kwenye petroli. Ni injini nyepesi, haina mambo mengi, na kelele zake zinajulikana mji mzima. Lakini inatema. Bomba la moshi linatokea chini ya chuma cha nyuma cha kiti, na kila baada ya safari chuma hicho kinakuwa kimepakwa masizi ya oili, meusi, yanayonata.

Mama yetu anaishi Titye, juu ya mlima. Kila Jumamosi kaka alikuwa akienda kumsalimia, na kila Jumamosi injini ilimfikisha nusu ya mlima ikaishiwa pumzi. Hapo watu walitoka mashambani, wakaweka majembe chini, wakashika kile chuma cha nyuma na kusukuma, mama akiwa mmoja wao. Walifika juu wakicheka, viganja vyeusi, wakanawa kwa majivu. Ni kaka peke yake ambaye hakucheka.

"Nafika kwa mama kama gunia la mihogo," aliniambia. "Gunia linabebwa, linatuliwa chini, halafu linaambiwa karibu."

Nikambadilishia sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na mnyororo, nikaweka kubwa kuliko zote nilizopata. Jumamosi iliyofuata akapanda mpaka juu bila kusimama. Nilikuwa nimetangulia kwa bodaboda, nikamwona anaibuka kwenye kona ya mwisho, mkono mmoja juu, anashangilia kama mtu aliyefunga goli. Nyuma yake, wameinama wasionekane, walikuwa majirani wawili na mama. Walikuwa wanamsukuma kimyakimya, kwa mapenzi tu, wakijua kwamba kwa kelele za injini ile hatasikia kitu. Alipogeuka, jirani mmoja alikuwa anajifuta viganja kwa jani la mgomba, na mama ameificha mikono yake ndani ya kitenge.

Hakula. Tuliporudi Kasulu ndipo akafungua mdomo. "Sipandi tena. Siku ukinitengenezea kitu cha kunipandisha mimi mwenyewe, niite. La sivyo mama atanikuta hapahapa sokoni."

Na kweli hakupanda. Mama akawa anashuka yeye, na magoti yake yanayouma, mara kwa bodaboda, mara kwa miguu akikosa. Analeta mihogo, anakaa kwenye benchi la wateja, anamtazama mwanawe anavyoshona, na jioni ikikaribia anaanza safari ya kurudi. Niliwaona wote wawili wanavyoumia, kila mmoja akijifanya hana habari, na nikakasirika. Mimi nikikasirika hufanya kazi.

Kila mtu alinishauri nitafute injini kubwa. Ushauri mzuri, ila hakuna aliyeuleta pamoja na injini. Halafu fremu ile ni nyembamba. Ukiweka uzito nyuma ya kiti, mlimani kigari kinanyanyua pua na kumbwaga mtu chali. Nilichohitaji ni nguvu isiyo na uzito. Ndipo nikawaza zile kirikuu, vigari vidogo vya mizigo. Injini zake ni ndogo, lakini baadhi yake zinapanda milima ya huku na magunia juu kwa sababu ya turbo, ambayo sisi mafundi tunaiita tabo: feni mbili kwenye mhimili mmoja, moja inazungushwa na moshi unaotoka, nyingine inashindilia hewa ndani ya injini. Nikapanda basi kwenda Kibondo, kwa mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya mitumba, mtu wa Tanga aliyehamia huku zamani.

"Dada yangu, tabo hii unaitia kwenye gari gani?" akaniuliza.

Nikamweleza. Akavua kofia yake ya kushona kwa mkono, akaiweka mezani. "Mipigo miwili? Hapo unamvalisha mtoto mchanga koti la babu yake. Mikono itapwaya, na mtoto atalia."

"Nitaikunja mikono," nikamjibu.

Mtoto alilia kweli. Injini ya mipigo miwili haina vilango vya kufunga na kufungua kwa zamu. Ina matundu tu ubavuni mwa silinda, na kuna kipindi tundu la kuingizia na tundu la kutolea yote yako wazi. Unashindilia hewa huku, inatokea kule, na petroli yako imeifuata. Kinachoiokoa ni lile bomba la moshi lenye tumbo: mshindo wa moshi unagonga mwisho wa tumbo, unarudi, na kuisukuma petroli irudi ndani kabla tundu halijazibwa. Mimi, kwa haraka zangu, nikakata tumbo na kufunga tabo mdomoni kabisa mwa silinda. Kigari kikawa dhaifu kuliko mwanzo, kikakohoa hata kwenye tambarare. Kaka alizunguka soko mara moja, akakirudisha.

"Umeniongezea uzito na mluzi," akasema.

Nikalichomelea tumbo upya, nikaihamishia tabo mwisho wake. Hapo nguvu ilikuja, na ikaja na matatizo yake. Kwenye injini hii hewa hupita kwanza chini, kwenye chumba cha krenki, na oili sili za chumba kile, pete za mpira za kuzuia kuvuja, hazikutengenezwa kwa msukumo wa namna hiyo. Zikachomoka kama vizibo vya soda. Nikazitengenezea vishikizo vya bati. Halafu msukumo ukapanda kwenye kabureta na kuirudisha petroli kwenye tenki, injini ikanyweshwa hewa tupu, ikachemka, pistoni ikatoboka katikati, tundu la kupitisha kidole. Nikaweka pampu ndogo ya kuisukuma petroli kwa nguvu zaidi. Ile pistoni kaka aliichukua. Mpaka leo anaiweka juu ya vitambaa visipeperuke.

Hakuna hata mara moja aliponiuliza kama nimechoka. Angeniuliza, nadhani ningekubali.

Kilichobaki kilikuwa oili ya tabo yenyewe. Mhimili wake unazunguka kwa kasi ya kutisha karibu na moshi wa moto, na lazima oili ipite humo muda wote. Gari lina oili tumboni mwake, inachota humo. Hii yetu oili yake iko kwenye petroli, haina pa kuchota. Nikafunga kopo la oili na pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda. Nikaijaribu kila kilima cha Kasulu, ikakubali, na Jumamosi moja nikamwita kaka, kama alivyokuwa ameniambia.

Tulifika chini ya mlima, yeye kwenye kigari na mimi nyuma na pikipiki ya mteja. Tabo ilikuwa imeiva, nyekundu. Na hapo kwenye kivuli cha migomba akatokea shangazi yake baba, bibi wa umri mkubwa, na mzigo wa kuni kichwani.

Asiyetujua Waha ataona ni jambo dogo. Kwetu mtu mzima hasalimiwi injini ikinguruma. Unazima, unaachia usukani, unapiga makofi polepole kwa mikono yote miwili huku unaitikia, unaulizwa habari za nyumba, za kazi, za mvua, na wewe unauliza moja moja mpaka ziishe. Kaka akazima.

"Mwidiwe, bibi," akasalimia kwa Kiha.

"Mwidiwe, mwana wanje," yaani mwanangu, bibi akaitikia. "Umepotea wewe!"

Makofi yakaanza. Injini imezimwa, kwa hiyo pampu imesimama, kwa hiyo oili imesimama, na ile iliyobaki kwenye mhimili mwekundu ikakaangika ikawa mkaa. Nilinusa harufu yake na nikajua, lakini na mimi nilikuwa napiga makofi. Bibi alipoondoka, kaka akawasha. Tabo ikapiga ukelele mmoja, ikanyamaza. Hatukupanda.

"Si ungempungia mkono tu!" nikamfokea.

"Shangazi yake baba? Nimpungie mkono kama konda wa basi?"

Hata mimi nisingethubutu. Aliyeiunda tabo hakuwahi kupita njia ya Titye, basi. Nikarudi Kibondo. Yule bwana wa vipuri aliponiona tu akaanza kutabasamu.

"Umeniuzia tabo isiyojua kusalimia," nikamwambia, na nikamsimulia. Alicheka mpaka akajifuta macho, halafu akanitafutia nyingine.

Safari hii niliitupa ile pampu ya mkanda. Nikatundika tenki dogo juu ya tabo, na koki mkononi mwa kaka. Akiifungua, oili inateremka yenyewe kwa uzito wake, inapita kwenye mhimili, inadondokea kopo la chini, injini ikiwa imewashwa au imezimwa. Ikijaa chini unaimimina tena juu. Kaka akaliita tenki la salamu. Akalipima kwa namna yake: akamwalika mzee mmoja msemaji sana wa pale sokoni, wakasalimiana mpaka mzee akaishiwa, oili ilikuwa bado inateremka.

Tulichagua Jumamosi ya kiangazi, barabara kavu, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Siku moja kabla nilipita Titye nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wasimguse. Mama nilimwomba mara mbili. Hakuniahidi.

Chini ya mlima kaka alisimama mwenyewe, nyumbani kwa yule bibi, akazima, akasalimia kwa utulivu wote, tenki likifanya kazi yake. Kisha akawasha, na hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu injini ikiwa inazunguka taratibu moshi ni haba, na moshi ukiwa haba tabo inalala. Akashika klachi nusu, akasubiri, akasubiri, mpaka tukasikia ule mluzi. Akaachia.

Alipanda. Watu walitoka mashambani wakasimama kando ya barabara, mikono nyuma, kama nilivyowaomba. Nikamfuata kwa mbali ili moshi usinipofushe. Kwenye mwinuko mkali zaidi, pale alipokuwa akikwama siku zote, kigari kikapunguza mwendo, kikapunguza tena, mluzi ukashuka. Na nikamwona mama. Ametokea wapi sijui, yuko nyuma ya kigari, anatembea upesi kuliko magoti yake yanavyoruhusu, mikono yote miwili ameinyoosha kuelekea kile chuma. Ilibaki nafasi ya kiganja. Nikapiga kelele, "Mama, acha!" Nani angenisikia?

Mluzi ukapanda. Kigari kikavuta, kikaiacha mikono ya mama hewani, nafasi ikawa ya hatua, ikawa ya hatua nyingi, na mama akaendelea kutembea nyuma yake hivyohivyo, mikono mbele.

Nilipofika juu kaka alikuwa ameshazima. Hakushangilia. Alimsubiri mama afike, akihema, halafu akajigeuza kitini kumwelekea.

"Mama, nionyeshe mikono."

Uso wa kaka ulikuwa wa mtu anayeogopa. Mama akainyoosha, viganja juu. Alikuwa ameacha kuchekecha unga wa muhogo aliposikia injini, na viganja vilikuwa vyeupe vyote, mpaka kwenye vidole. Hapakuwa na hata alama moja nyeusi.

Kaka aliitazama, kidole kwa kidole. Kisha akapiga makofi, polepole, akainamisha kichwa. "Mwidiwe, mama."

"Mwidiwe, mwana wanje," mama akaitikia, na alipoanza kupiga makofi yake unga ukaruka. Ilikuwa salamu ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia. Mimi nikaenda nyuma ya kigari nikainama kwenye tenki, nikajifanya naangalia oili, maana nilikuwa nalia na sikutaka kaka anione.