Posho ya Mazingira Magumu

Kazi yangu ofisini ni kupanga mikataba, tiketi na malipo ya wafanyakazi wa mradi. Mradi ni wa afya, fedha zake zinatoka Marekani, na ofisi iko mlimani upande wa ziwa, mahali ambapo upepo ni mzuri na umeme ukikatika jenereta inawaka yenyewe. Ni katika mikataba hiyo nilimojua kwamba nimezaliwa kwenye dhiki. Mkataba wa bosi wetu, Mmarekani, ulikuwa na kipengele ambacho wa kwangu haukuwa nacho: posho ya mazingira magumu. Mazingira yenyewe yalikuwa yametajwa kwa jina. Mwanza.

Nilicheka peke yangu pale mezani, kisha nikakasirika, kisha nikapiga muhuri, maana ndiyo kazi ninayolipwa. Posho ile peke yake ilizidi mshahara wangu. Mlinzi wetu anayekesha getini na mbu wale wale hana posho hiyo. Mpishi hana. Niliwahi kuuliza, kwa adabu zote, nikajibiwa kuwa sisi ni wenyeji, tumezoea. Sijui nani alikuja kupima kuzoea kwetu. Malaria haijawahi kuniuliza nilizaliwa wapi.

Nisimsingizie bosi. Ni mtu mwema, anasalimia kila mtu, amejifunza kula dagaa bila kukunja uso, na jioni hukaa kwenye kibaraza chake kinachotazama ziwa akisema hakuna mji anaoupenda kama huu. Anasema kweli. Posho anaipokea hivyo hivyo huku akipenda.

Mwaka jana tukaambiwa makao makuu yanaleta mtu kukagua kama Mwanza bado ni pagumu. Mji wetu ulikuwa umeanza kujiharibia: barabara za lami, maduka yenye ngazi za umeme, hospitali zenye mashine mpya. Ikionekana tumeneemeka, posho ingefutwa. Bosi alishasema wazi kwamba ikifutwa ataomba kuhamishiwa nchi nyingine, na bila yeye ofisi ingepelekwa Dar. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uliofuata. Mshahara huo ndio unaosomesha wanangu wawili na kumnunulia mama yangu dawa za presha.

"Utamtembeza wewe," bosi aliniambia. "Lakini aone mji wote. Asiishie huku kwetu."

Aliyasema hayo akiangalia kompyuta yake. Nilimwelewa, naye alijua nimemwelewa, na hakuna aliyelazimika kutamka jambo baya.

Ningeweza kumpeleka mkaguzi popote. Nilimpeleka kwa mama.

Mama yangu anaishi Mabatini, juu kabisa, kule ambako nyumba zimekaa juu ya mawe na gari haifiki. Alikuja kutoka Ukerewe akiwa bibi harusi, na nyumba ile yeye na marehemu baba waliijenga chumba kwa chumba. Bomba linatoa maji likitaka. Lisipotaka, vijana wanapandisha ndoo kwa malipo. Nilijua hakuna swali la mkaguzi litakalokosa jibu pale, na nilijua pia kwamba mwenye nyumba hatanikatalia. Nilimpigia simu nikamwambia, mama, kesho nitakuja na mgeni. Hapo ndipo nilipokosea, kama kweli nilikuwa nimepatia mahali popote. Mama yangu ukishamwambia mgeni, umemaliza.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwenye mvi, mpole, aliyevaa viatu vya kupandia milima. Njiani alisimama kupiga picha mtaro wa maji machafu, nami nikasogea pembeni nisimzibie. Tulipofika juu niliona kosa langu. Uwanja ulikuwa umefagiliwa na mawe yamesuguliwa. Viti vilikuwa vimeazimwa kwa jirani na kuvishwa vitambaa vya kufuma. Mapipa ya maji yalikuwa yamejaa hadi juu. Ndani kulikuwa na ugali wa muhogo, na sato mzima aliyekaangwa akalala kwenye sinia. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha harusini.

"Shikamoo," mkaguzi akasema. Alikuwa amefundishwa hotelini.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, akanigeukia kwa furaha. "Kumbe mzungu wako ana adabu. Karibuni, karibuni mkae."

Mkaguzi akauliza habari za maji.

"Maji yapo," mama alisema. "Mwambie kama anataka kunawa uso, mapipa yamejaa."

Nikatafsiri. Nilisema maji hutoka mara chache, kwamba hubebwa kichwani kutoka bondeni, na haya anayoyaona yamenunuliwa kwa ajili yake.

Akauliza magonjwa.

"Tunamshukuru Mungu, tuko wazima. Huu ni uzee tu."

Nikataja kichocho, malaria na homa ya matumbo. Mama akatikisa kichwa kukubaliana na maneno asiyoyajua, kwa kuwa ni mwanawe anayeyasema, tena kwa Kiingereza ambacho ada yake aliilipa kwa kuuza dagaa sokoni.

Akauliza, mtu akizidiwa usiku inakuwaje. Mama akasema majirani zake ni watu wazuri sana, hawamwachi mtu. Mimi nikanyoosha mkono nikamwonyesha picha ya baba ukutani. Nikaeleza jinsi tulivyomteremsha amekaa kwenye kiti, wanaume wanne, mvua inanyesha, mawe yanateleza, na jinsi tulivyofika kwenye lami akiwa ameshakata roho. Mkaguzi aliacha kuandika. Macho yake yalilowa.

Sikusema uongo hata mmoja. Hilo ndilo linaloniumiza, maana ningekuwa nimedanganya ningeweza kutubu uongo. Nilichukua mambo ya kweli ya nyumba yetu, ambayo mama alikuwa ameyafunika asubuhi nzima kwa fagio na vitambaa, nikamfunulia mtu asiyetujua, ili posho ya mtu mwingine isipungue.

Chakula mkaguzi hakukigusa. Alisema anaomba radhi, hairuhusiwi. Alipoaga aliushika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili, akamwambia taratibu, "Pole sana, mama."

Mama alisubiri hadi alipotangulia nje.

"Pole ya nini?"

"Amechanganya maneno, mama. Alitaka kusema asante."

"Hajachanganya," mama alisema. "Na picha ya baba yako ulikuwa unamwonyesha kwa nini?"

Nikasema nitakuja Jumapili tuongee, mgeni ananisubiri.

Mwanza ikabaki kuwa pagumu. Bosi akabaki, mkataba wangu ukasainiwa, na ofisini ikaletwa keki. Tuliila tumesimama, na hakuna aliyesema tunasherehekea nini. Mlinzi alipelekewa kipande getini.

Jumapili nikamweleza mama kila kitu. Nilidhani nitalazimika kumfafanulia sana, lakini alielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa siku ile ya muhuri.

"Kwa hiyo wenzetu wanalipwa kwa kukaa hapa."

"Ndiyo, mama."

"Ni serikali yao imesema kwamba hapa ni pabaya."

"Ndiyo."

"Na baba yako, alisaidia?"

Nilitaka kulia. "Alisaidia," nikasema.

Hakunigombeza. Aliinuka akaenda kugeuza dagaa zake kwenye chandarua, nami nikabaki nimekaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Nilirudi mjini sijui niseme nimesamehewa au la.

Juma lililofuata nikaenda tena. Nilikuwa nimepanda kwa miguu, jua kali, na kama kawaida yangu nikaenda moja kwa moja kwenye pipa, nikachukua kikombe. Mama akaniwahi. Alikitoa kile kikombe mkononi mwangu, akaingia ndani, akarudi na chupa ya maji ya dukani, haijafunguliwa.

"Kunywa haya," alisema. "Nimekununulia. Ya kwetu yasije yakakuletea homa, ukashindwa kwenda kazini."

Nilimtazama usoni nikitafuta kijembe. Afadhali ningekiona. Hakikuwepo. Mama alikuwa ameniamini. Miaka yote alijua kwamba anaishi vizuri na kwamba nyumba yake inafaa kumpokea mtu yeyote, hadi mtoto aliyemsomesha alipokaa kwenye kiti cha kuazima na kumwambia mzungu kuwa haifai. Sasa alikuwa ananihurumia mimi kwa kuja pale.

Alisimama hapo akingoja. Nikafungua kifuniko, nikanywa.