Jumatano ya Majivu Pale Posta

Mama mkwe wangu wa Kakese alinijua kama muumini safi. Kila Jumapili nilimpigia simu nikiwa kitandani: "Mama, ndiyo natoka kanisani, palepale nilipobatizwa."

Jumatano ya Majivu akaja Mpanda, akataka tukasali wote. Nikamwongoza kwa mbwembwe hadi kanisa lenyewe. Msalaba bado ulikuwa juu ya paa. Nikatangulia kuingia, nikapiga goti.

"Kaka, inuka, unazuia foleni," akasema dada wa kaunta. "Unatuma kifurushi au unachukua?"

Nikaropoka, "Kwani kanisa limehama lini?"

"Mbona zamani! Mimi mwenyewe nimeajiriwa nikakuta ni posta."

Mama mkwe akanigeukia taratibu.

"Baba Neema, kwani posta Jumapili huwa wanafungua?"