Kunde Juu ya Uteo

Watu wa Changamwe walimwona mwalimu wetu ana kasoro. Mtu mzima, msomi, anafundisha shule ya misheni, kisha Jumamosi anakwenda kwenye ngoma za watu na daftari kwapani, hachezi wala hanywi, anaandika tu. Mguu gani umetangulia, nani kaingia kwanza, kwa nini wanawake wanageukia huku na si kule. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na kwangu yeye ndiye aliyekuwa na akili mji mzima. Wambea walinong'ona kwamba nataka anioe. Nani kawaambia? Nilitaka niwe yeye.

Ngoma ya kilio aliiandika kwa njia nyingine. Kwetu huchezwa palipofiwa; ukiicheza bure unaita kifo nyumbani. Basi mwalimu alitembea na kunde mfukoni. Alizipanga juu ya uteo wa kupepetea, kunde mbili kwa kila mchezaji, akawaomba kina mama wazisogeze kwa kidole jinsi miguu inavyokwenda. Mimi pia alinifundisha hivyo, lakini kwa kiherehere changu, kunde zilinichosha. Mchana mmoja, nikidhani nyanya yangu yuko shamba, nikaicheza ngoma ile uani peke yangu, mzunguko mzima. Nilipogeuka, nyanya alikuwa amesimama mlangoni.

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliketi kizingitini akaniita, nikaitika abee, akaniuliza kama najua kaka yangu yuko wapi. Nilijua. Kaka alikuwa vitani Burma, na ulikuwa mwezi wa nne hatujapata barua yake.

"Umemlilia," nyanya akasema. "Umemlilia angali hai."

Siku tatu hakutia kitu kinywani. Mimi nilikula, lakini kila baiskeli iliyopita njiani nilidhani imeleta habari, nikaacha tonge nikatoka kutazama. Haki ya Mungu, nilijiona muuaji. Siku ya nne nikamwendea mwalimu, nikamweleza yote. Nilitegemea atacheka, aseme hayo ni mambo ya kishenzi, maana kanisani ndivyo tulivyoambiwa. Hakucheka. Alivaa kofia yake, tukafuatana hadi nyumbani.

Alimwamkia nyanya shikamoo, akaketi mkekani, akaomba uteo. Kisha akaniambia nizipange kunde kama nilivyocheza, hatua kwa hatua, nisifiche wala nisirekebishe. Nikazipanga. Nyanya kwanza alitazama pembeni. Baadaye akatupa jicho moja. Mwisho akajivuta karibu, akauliza kama kweli niliingia na mguu wa kushoto. Nikasema ndiyo. Na hapa nilizungukia upande gani? Nikamwonyesha. Aliziangalia kunde zile kwa kitambo, mabega yakamshuka.

"Hii si ngoma ya kilio," akasema. "Hii si ngoma yoyote. Kwa miguu hii, mjukuu wangu, huwezi kumlilia hata kuku."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso, akaagiza uji. Nilimshukuru Mungu kwa ujinga wangu, na sijawahi kuushukuru tena kwa moyo mweupe namna ile. Nilipomsindikiza mwalimu, aliniambia kwamba hata yeye alikuwa ameogopa tangu nilipofungua kinywa. Hapo ndipo nilipojua nataka kuwa msomi wa namna gani. Kuanzia wiki ile nilikaa na nyanya na kunde zake, mguu kwa mguu, nikiandika asemavyo yeye, wala sikuona uchovu.

Barua haikuja. Vita vilipokwisha, kaka alikuja mwenyewe, kwa miguu kutoka Makupa, sanduku la bati begani, amekonda, na sikio moja halisikii. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nilimrukia shingoni nikaangua kilio katikati ya njia, watu wakasimama kututazama. Kaka akashtuka, akaliweka sanduku chini, akaniuliza ni nani aliyekufa.

Ilinibidi nimwambie mara mbili, kwenye lile sikio zima: hakuna mtu aliyekufa, kaka. Hakuna.